Siku Hamsini na Nane Bila Sindano Kuvunjika

Mstari wa nne ulikuwa haujavunja sindano kwa siku hamsini na nane. Msiniulize mimi, iliandikwa ukutani. Ubao mweupe, tarakimu za kalamu nyekundu, na chini yake mstari uliopigwa kwa rula ili kila apitaye aelewe kwamba jambo hili si la mchezo. Mashine ishirini na mbili zinanguruma tangu asubuhi hadi jioni, zinashona kitambaa kigumu cha sare za watoto wa chekechea, na hakuna sindano hata moja iliyokatika. Ukimweleza hayo fundi cherehani yeyote mwenye akili zake, atakuuliza kama mashine zenyewe huwa zinawashwa.

Msimamizi wa mstari huo alikuwa mama wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye sauti ya kupenya kelele za mashine zote hizo, na kiwanda kizima kilimwita Mama Sifuri. Jina hilo alilipokea kwa mikono miwili. Aliamini kwamba limetokana na ule ubao. Wafanyakazi walikuwa na maelezo yao mengine, lakini maelezo hayo yaliishia chooni, mahali pekee kiwandani ambapo watu bado walizungumza kwa sauti zao za kawaida.

Niwaeleze kwanza habari ya sindano. Kiwandani sindano ikivunjika, sheria inasema mashine zisimame. Vipande vyote vitafutwe, vibandikwe kwenye kadi kwa selotepu, ndipo fundi apewe sindano mpya. Ncha isipoonekana, hakuna shati litakalotoka mpaka ionekane. Ncha yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele, na shati litavaliwa na mtoto wa miaka minne ambaye akichomwa shingoni hana la kusema zaidi ya kulia. Zamani, alipokuwa mshonaji kama wengine, mama huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa kutafuta. Anapiga magoti, anapapasa sakafu kwa kiganja, anapekua mikunjo ya kitambaa, na kabla dakika tano hazijaisha anainuka na kupiga kelele, "Huyu hapa, mwizi wenu!" Watu wanacheka, kazi inaendelea. Walimpenda kwa hilo. Walimpenda kweli.

Kisha akapewa usimamizi. Wiki ya kwanza alisimulia kichekesho chake cha fundi aliyeshona suruali ya mguu mmoja akamwambia mteja ajifunze kurukaruka. Kwa miaka ishirini na tatu kichekesho hicho hakikuwahi kumchekesha mtu, hata mumewe, aliyemuoa nacho. Siku hiyo mstari mzima uliangua kicheko. Mmoja alishika mbavu. Mama Sifuri alirudi nyumbani akamwambia mumewe, bila utani wowote, kwamba siku hizi watu wameanza kuelewa mambo. Ugonjwa ulianzia hapo, kama mlitaka kujua. Walimvisha kilemba cha ukoka, naye akajitazama kwenye kioo akaona kimemkaa vizuri.

Wiki ya tatu akaleta aproni nyekundu. Atakayevunja sindano ataivaa kutwa nzima, atakula chakula cha mchana akiwa ameivaa, na wenzake wakitoka jioni atasimama nayo getini. Wawili walivaa wiki hiyo. Mmoja wao alikuwa bibi wa watu, na wajukuu zake waliokuja kumpokea walimkuta amesimama getini mwekundu kama sanduku la zimamoto. Wiki iliyofuata alivaa mmoja. Wiki iliyofuata hakuvaa mtu. Mama Sifuri akaenda kununua ubao.

Sindano, maskini, hazikujua kusoma ubao. Ziliendelea kuvunjika kama zilivyozoea. Kilichobadilika ni kwamba yule muuza pipi wa getini aliongeza sindano za mashine kwenye meza yake, na watu wakawa wanamuungisha kwa hela zao wenyewe, wanazichomeka ndani ya pindo za sketi wakiingia kazini. Kulikuwa na tatizo la mlio tu, maana sindano ikikatika inalia tak, na Mama Sifuri hakuwa kiziwi. Basi ikikatika, aliyeko jirani anakohoa. Anafuata wa nyuma yake. Ndani ya nusu dakika mstari mzima unakohoa, na katikati ya kukohoa huko sindano inabadilishwa. Mama Sifuri, ambaye moyo wake ulikuwa na huruma, usimuone hivi, aliandika ripoti ndefu kuhusu vumbi. Akaletewa barakoa ishirini na mbili. Watu wakavaa barakoa, wakaendelea kukohoa.

Siku ya hamsini na nane ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wangekuja wageni, wanunuzi wakubwa, na mbele yao Meneja angemkabidhi Mama Sifuri hati yenye fremu na kumpa ghorofa nzima aisimamie, mistari yote sita. Kwa hiyo Alhamisi hiyo kazi ilikwenda mbio, hata saa ya chakula ikafutwa. Shati likitoka kwenye mashine halikai hata dakika mbili.

Mashine ya tisa, ile ya kuunganisha kola, alikaa binti mkubwa wa Mama Sifuri. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na aliajiriwa kabla mama hajapanda cheo, kwa hiyo wivu wa watu haukumhusu. Saa tano asubuhi sindano yake ililia tak.

Jirani yake, mama mmoja waliyemwita Miwani, akakohoa papo hapo. Mstari ukaitikia. Binti alichomoa mpini wa sindano, akaokota kipande cha kati kilichoangukia mapajani, akachomeka sindano mpya kutoka kwenye pindo. Kisha akaanza kutafuta ncha. Kwa kawaida wangeitafuta wote saa ya chakula, kimyakimya, kwa sumaku ya Miwani. Leo alipoinua macho, fungu lake la mashati thelathini halikuwapo. Lilikuwa limeshavutwa kwenda kwenye vifungo.

"Ncha sijaiona," alimnong'oneza Miwani.

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta mpaka ndani ya viatu."

"Basi imekwenda na shati."

Binti akageuka. Kule mbele, mashati yake yalikuwa yanapigwa pasi na kutumbukizwa kwenye maboksi pamoja na mengine mia kadhaa yanayofanana nayo kama mapacha. "Nifanyeje?"

Miwani aliutazama ubao, akamtazama na mwenye ubao, ambaye alikuwa anapita na daftari lake huku ananyoosha mgongo kama askari. "Ni mama yako, mwanangu. Kamwambie."

"Wewe ungemwambia?"

Miwani akakohoa.

*

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na kibaraza, na kwenye kibaraza hicho baba alifanya kazi yake ya kushona viatu. Aliporudi binti saa kumi na moja, alimkuta ameuma misumari midogo mdomoni, anabandika soli. Binti alikaa kwenye kigoda, akalia kwanza, kisha akaeleza.

Baba alitema misumari kiganjani. "Maboksi yanaondoka lini?"

"Kesho saa sita. Lori linakuja saa sita mchana."

"Basi tuna muda. Mwambie mama yako akija."

"Baba, nikimwambia atanivisha aproni."

"Akuvishe. Aproni inavuliwa jioni. Ile ncha ikishaingia kwenye shingo ya mtoto wa watu, utaivua na nini?"

Mama Sifuri aliingia muda mfupi baadaye akiwa na furaha ya mtu aliyepata wali na nyama bila kupika. Alikuwa ameanza kuandika hotuba ya Jumamosi, na hata kabla hajavua viatu alisimama katikati ya sebule akaisoma. Ilianza na neno "nidhamu" na kila baada ya sentensi mbili ilirudi kulitembelea. Baba na binti walikaa kwenye kochi kama wanafunzi walioitwa ofisini.

"Mnaionaje?" aliuliza.

"Nzuri," alisema baba.

"Ndefu?"

"Hapana. Nzuri tu."

Aliridhika. Akakaa, akajimiminia chai. Binti akapiga moyo konde.

"Mama, kuna jambo la kazini."

"La kazini liseme kazini."

"Sindano yangu imevunjika leo. Ncha haijaonekana. Nadhani imo kwenye maboksi ya kesho."

Mama Sifuri alicheka. Alicheka vizuri kabisa, cheko la mtu aliyeambiwa samaki wameonekana wanapanda ngazi. "Wewe mtoto. Kwenye mstari wangu sindano hazivunjiki. Siku hamsini na nane!"

"Zinavunjika, mama. Kila siku zinavunjika. Tunanunua wenyewe getini."

"Nani ananunua?"

Binti akavuta uzi kwenye sketi yake.

"Nimekuuliza, nani ananunua? Nipe majina." Sasa kicheko kilikuwa kimekwisha na daftari lilikuwa limetoka kwenye mkoba, hata yeye hakujua limetoka saa ngapi. "Nilijua tu. Nilijua kuna watu hawafurahii hii ghorofa niliyopewa. Wamekaa, wamekula njama, wakasema tumtume nani? Tumtume mtoto wake wa kumzaa! Jumamosi imekaribia, roho zinawauma. Sema, ni Miwani? Yule tangu mwanzo nilimwona ananichekea kwa jino moja."

"Hakuna aliyenituma, mama. Mimi ndiye niliyeivunja."

"Wewe umeivunja, na siku nzima mimi niko pale, nimesimama nyuma yako, sikusikia?"

"Tulikohoa."

Mama Sifuri alimtazama binti yake. Usoni alionekana kama anajumlisha kitu, jibu linakuja, na yeye hataki jibu hilo. Akalifukuza. "Lile ni vumbi," alisema. "Niliandika ripoti."

Baba alikohoa, kwa bahati mbaya, akaomba radhi. Kisha akasema kwa upole, "Mke wangu, hiyo chupa unayomiminia chai si ile."

"Ipi?"

"Ile uliyoletewa na dada yako. Ilivunjika mwezi wa pili. Nilitafuta nyingine ya rangi hiyohiyo, nikaikwangua kwa msasa wa soli ili ionekane ya zamani."

Mama Sifuri aliinua chupa ya chai, akaigeuza. Mikwaruzo ilikuwa mahali pake, mizuri, imepangwa na mtu anayejua kazi yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Sahani ilipovunjika nilikwambia. Ukanisomesha nusu saa, umesimama hapo hapo ulipokuwa unasoma hotuba, halafu ukaniuliza nimejifunza nini. Nina miaka hamsini na nne, mke wangu. Nikaulizwa nimejifunza nini."

"Na vile vikombe vya bluu?"

"Vipo sita."

"Najua vipo sita. Nauliza ni vile vile?"

Baba alitazama vidole vya miguu yake. "Vipo sita," alirudia.

Hakuvisha mtu aproni jioni ile. Alikunja hotuba yake mara mbili, akaiweka chini ya chupa, akaenda chumbani. Na kama mnadhani alikuwa ameshaelewa, mmemkosea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiwa na hasira, na hasira zake zote zilikuwa dhidi yao. Walimwonaje, mnyama? Yeye ambaye alikuwa mwepesi kuambiwa kuliko wote? Binti alisikia kutoka sebuleni anajisemea, "Mimi mbona ninaambilika," na akaogopa kumjibu.

*

Asubuhi ya Ijumaa alitangulia kufika. Hakwenda mstarini. Alikwenda chumba cha mwisho, kwenye ile mashine ambayo kila boksi hupita kabla ya kuingia storini, inayolia ikinusa chuma. Mwendeshaji wake alikuwa mzee mpole waliyemwita Kengele.

"Mzee wangu, shikamoo."

Mzee alishtuka hadi chai ikamwagika. Tangu apewe cheo, Mama Sifuri alikuwa hajamwamkia mtu kwanza. "Marahaba, mama. Kuna kosa nimefanya?"

"Hakuna. Mashine hii maboksi yangu ya jana yamepita?"

"Yote sitini."

"Ikalia?"

"Hailii, mama."

"Basi!" Mama Sifuri alishusha pumzi. Alijua. Watoto wa siku hizi kwa kuzua. "Haikulia kwa sababu hakuna kitu."

Mzee Kengele alimtazama, akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu mzima na mwaka huo angestaafu, labda ndiyo maana alithubutu. "Haikulia kwa sababu uliniambia niipunguze, mama. Mwezi wa tatu. Ilikuwa inalia kwenye mstari wako, ukaja hapa ukasema mstari wako hauvunji sindano, kwa hiyo mashine inadanganya. Nikaipunguza kidogo. Ukarudi, ukasema bado inadanganya."

"Ukaipunguza kiasi gani?"

Mzee alitoa funguo zake mfukoni, akaziweka kwenye mkanda. Zikapita, kimya. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, akauweka. Mkasi ukaingia upande huu ukatoka upande ule, na mashine haikusema hata kwikwi.

Hapo sasa. Hapo ndipo mama yule aliposhika ukuta. Maana binadamu anaweza kugombana na mtoto, anaweza kugombana na mume, lakini mkasi ule ulipita mbele ya macho yake mwenyewe.

"Wiki tano," alisema.

"Tano na siku mbili."

"Mashati yote yaliyotoka wiki tano..." Aliona shule asizozijua, vitoto vimepangwa foleni, vimevalishwa mashati mapya, na kila kimoja kinajikuna shingo. Akatoka mbio, mbio kweli, aproni yake ya kazi inapepea, akafika mstarini wakati watu wanavaa barakoa.

"Zimeni mashine," alisema.

Walizima. Walidhani mtu amekamatwa na sindano za getini.

"Nataka kujua. Tangu niweke huu ubao, sindano ngapi zimevunjika, na ncha ngapi hazikuonekana? Simuulizi mtu kwa ubaya. Naapa, hakuna atakayeadhibiwa."

Watu ishirini na wawili waliangalia meza zao. Nani atamwamini? Mwezi uliopita alisema mlango wake uko wazi kwa maoni, na aliyeingia na maoni alihamishiwa kwenye kukata nyuzi. Mmoja kule nyuma alianza kukohoa kwa mazoea, akajizuia.

"Jamani, nawaombeni," alisema Mama Sifuri, na sauti yake ikakatika kweli. "Wale ni watoto."

Binti akainuka. "Mama Miwani, mpe."

Miwani alisita, akavuta pumzi, kisha akainama chini ya meza akatoa mkebe wa maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa vizuri, kila kimoja kina tarehe, namba ya mashine na vipande vya sindano vimebandikwa kwa selotepu kama sheria inavyotaka. "Themanini na saba," alisema. "Zote tumezitafuta saa ya chakula, na zote zimeonekana, hakuna shati lililotoka kiwandani kabla. Sisi pia tuna watoto. Iliyopotea ni moja, ya jana, kwa sababu jana hukutupa nafasi ya kula."

Mama Sifuri alipokea mkebe kwa mikono miwili. Siku zote hizo kulikuwa na msimamizi mzuri kwenye mstari wa nne, makini, mwenye huruma na kumbukumbu safi, na msimamizi huyo alikaa chini ya meza akijificha asionekane na yeye. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini muda haukuwapo. Saa ilikuwa mbili na nusu.

Mzee Kengele aliirudisha mashine kwenye kipimo chake, na maboksi sitini yakaanza kupita upya. Mstari mzima ulibeba. Boksi la thelathini na saba likalia. Ulikuwa mlio mkali, kama mtoto mchanga, na kuna waliopiga makofi bila kujua kwa nini. Walilifungua, wakapitisha shati mojamoja, na shati lililolia Mama Sifuri akalitandika mezani, akafumba macho, akapapasa kola polepole kwa kiganja kama enzi zake. Ncha ilikuwa imelala kwenye mkunjo wa ndani, imetazama juu, pale hasa panapogusa koromeo. Ilimchoma kidole. Hakusema "mwizi wenu". Alitokwa na machozi, basi.

Na hapo ndipo palipokuwa na mtego, maana hatari ilikuwa imekwisha. Saa ilikuwa nne tu, lori halijafika, shati lilikuwa safi, na hakuna mtu wa juu aliyejua lolote. Miwani mwenyewe alisogea akasema taratibu, "Imeonekana, mama. Sisi hatusemi kitu. Kesho chukua hati yako." Alisema kwa wema kabisa. Mama Sifuri akaufumba mkono. Nisiwafiche, aliufumba. Ghorofa nzima, mistari sita, mshahara wa kumtoa mumewe kibarazani wakati wa mvua. Binti yake alikuwa anamtazama.

Mlango ukafunguliwa. Ule mlio ulikuwa umesikika mpaka ofisini.

"Nini kinalia?" aliuliza Meneja. Alikuwa mwanamume nadhifu aliyependa kuongea huku anasoma simu. Aliona mashine zimezimwa, boksi limefunguliwa, watu wamesimama. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi ulipokuwa. "Mama, ile mashine imeanza tena kudanganya, siyo?"

Watu wote walisikia kwamba lile halikuwa swali. Alikuwa amemfungulia mlango, amemshikia, amebaki yeye kupita. Meneja alikuwa ameshawaandikia wageni kuhusu siku hamsini na nane. Alikuwa ameandika sitini, ili ikae vizuri.

Mama Sifuri alikunjua kiganja. "Haidanganyi. Ni sindano. Ya mstari wangu, ya jana. Na kuna nyingine themanini na saba humu kwenye mkebe."

Meneja aliacha kusoma simu.

*

Hati haikutolewa. Wageni walipokuja Jumamosi, Meneja aliwaeleza kwamba kiwanda chake kinathamini ukweli kuliko kitu chochote, na kwamba mfanyakazi kijana, msichana shupavu, amejitokeza kueleza kasoro bila kumwogopa hata mama yake mzazi. Wageni walifurahi sana. Mmoja alifuta miwani. Wakaomba kumpiga picha. Mtu akishapigwa picha na wageni huwezi kumrudisha kwenye kola, kwa hiyo Jumatatu yule binti akapewa usimamizi wa mstari wa nne, na mama yake akakalishwa mashine ya tisa iliyobaki wazi.

Msidhani mama alinuna. Alirudi kwenye mashine kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana. Nyumbani alikula, akacheka, akavunja kikombe kimoja mwenyewe na kumwita mumewe aje ashuhudie. Alimwombea binti yake. Alimkalisha chini akamweleza yote, wapi alipoteleza, lini, kwa nini. "Usiwatishe, mwanangu. Mtu akikuogopa atakuficha." Binti alimsikiliza kwa makini, na siku ya kwanza kazini hotuba yake ilikuwa fupi. Aproni ile aliitupa jalalani mbele ya watu. Alisema kwake hakuna adhabu, hakuna ubao, kila mtu aseme tu, yeye ni mtoto wao. Watu walipiga makofi, na mama yake alipiga kuliko wote.

Wiki tatu zikapita. Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, mama alikuwa anaunganisha kola ya shati la kumi na moja. Kidole kile kilichochomwa kilikuwa bado kizito, kitambaa kikateleza, na mshono ukaenda kombo, sentimita nzima. Si jambo. Kola inafumuliwa, inashonwa upya, dakika tatu.

Nyuma yake akasikia viatu. Alivijua, vilirekebishwa soli na mumewe wiki iliyopita. Vilikuja polepole, vikasimama kwenye mashine ya saba, vikasimama kwenye ya nane. Hakuna aliyegombezwa. Hakuna aliyewahi kugombezwa tangu binti ashike kazi, hata siku moja. Mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote duniani. Alimnyonyesha yule, alimfundisha kutembea.

Kiganja chake cha kushoto kikatoka chenyewe, kikaenda kukaa juu ya kola, kikafunika mshono.

"Kuna tatizo, mama?" aliuliza binti, akiinama kwa upole, daftari mkononi.

"Hakuna, msimamizi," alisema mama.

Binti akatabasamu kwa fahari, akaandika, akapita.